Kobe anaumwa: anza na joto, maji yafuate, dawa muachie daktari

Kobe akiumwa hapigi kelele. Mbwa atalia, kuku atasimama pembeni kalegeza mbawa mtu akajua kuna tatizo, ila kobe anakaa tu palepale alipokaa jana na juzi na watu wa nyumbani wanasema "huyo ndo zake, kobe si mnyama wa haraka", mpaka siku mtu anamnyanyua anashangaa mbona mwepesi, anaangalia macho yamefumba, puani mapovu, na hapo ugonjwa una mwezi au zaidi. Kwahiyo hii ni kwa wenye kobe hapa Dar, awe yule mliyeletewa na mjomba kutoka shamba la Mkuranga au Kisarawe, awe mlimkuta kwenye nyumba mliyohamia, awe alijitokeza mwenyewe wakati wa masika mkamuonea huruma mkabaki nae. Maana maelezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kobe wa kule, wengine wanafundishana mpaka kumweka kobe kwenye friji apitishe msimu wa baridi amelala. Aisee usimuweke kobe wa huku kwenye friji. Kobe wetu hawana huo usingizi, wale wanaojichimbia huku wanajichimbia kipindi cha ukame, na aliye mgonjwa hatakiwi kuachwa alale hivyo hata kidogo.

Nionavyo mimi, kobe wengi wanaofia mikononi mwa watu hapa mjini hawafi kwa ule ugonjwa ulioanza, wanakufa kwa matibabu. Mtu akishaona kobe hali, cha kwanza anakimbilia dawa, cha pili anamlazimisha kula, maji anamwekea kwenye kifuniko cha ndoo basi, na joto wala halimjii akilini kwa sababu yeye mwenyewe anatokwa jasho. Mpangilio unatakiwa ugeuke. Joto kwanza, maji pili, chakula baada ya hapo, na dawa ni kazi ya daktari wa mifugo tu.

Ila kabla ya yote mjue kobe wako ni yupi, kwa sababu hata ugonjwa unategemea na hilo. Yule mkubwa mwenye gamba lililopanda juu lenye madoadoa meusi na manjano ni mla nyasi. Yule mdogo wa pwani wa rangi ya kahawia ambae sehemu ya nyuma ya gamba lake inafunga na kufunguka, huyo watu wanadhani gamba limevunjika, wanamfunga na plasta kabisa, wakati ndo maumbile yake, ana bawaba hapo anajifungia miguu ya nyuma adui akija, na huyu pamoja na majani anakula konokono, jongoo, uyoga na matunda yaliyodondoka. Alafu yuko kobe bapa wa miamba kutoka bara, mwembamba kweli, gamba lake ukilibonyeza linabonyea na haumwi chochote, kaumbwa hivyo ili ajichomeke kwenye nyufa za mawe. Huyu bapa biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2019 kwa sababu wanaisha, kwahiyo kama unae nyumbani soma mpaka kule chini nilipogusia sheria. Kwa kobe wengine wote waliokomaa, gamba likibonyea ujue kuna tatizo la madini na jua.

Jinsi ya kumkagua

Mshike kwa mikono miwili pembeni mwa gamba, usimgeuze chali ghafla, kama lazima umuone tumboni mgeuze taratibu na umrudishe taratibu. Anza na kichwa. Macho yawe wazi, makavu kwa nje, yang'ae. Yakiwa yamevimba au yamegandana, au yamezama ndani kabisa, andika. Pua iwe kavu. Hapa kaa nae dakika tano pembeni ya dirisha pasipo na kelele za tv uangalie anavyohema: kobe mzima kupumua kwake hata hukuoni vizuri, unaona ngozi ya mabegani inacheza kidogo tu. Kobe mwenye shida kifuani ananyoosha shingo mbele, anainua kichwa, anafungua mdomo, kila pumzi inakuja na kamlio kembamba na kwenye tundu la pua kanatokea kapovu kanapasuka, kanatokea kengine. Ukishaona hivyo usisubiri wiki iishe. Kobe hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo ambao sisi tunautumia kukohoa, kwahiyo makamasi yakishashuka mapafuni hana namna nzuri ya kuyatoa, nimonia kwake ni jambo zito sana.

Mdomo nao uuchungulie akipiga miayo au akila, usimkwangue kwa kijiko. Ndani panatakiwa pawe na rangi ya waridi iliyopauka, ukiona utando wa njano au harufu ya uozo hiyo ni maambukizi. Miguu aivute ndani kwa nguvu ukimgusa, ikining'inia hovyo ni udhaifu mkubwa. Chini ya mkia pawe pasafi. Gamba linuse kabisa, ndiyo linuse, gamba linalooza lina harufu kabla hujaona kidonda.

Kisha mpime uzito. Mizani ya jikoni ile ya kupimia unga inatosha kwa mdogo, mkubwa mpeleke dukani kwa mpemba akupimie, mtacheka ila utapata kilo zake. Andika kwenye daftari na tarehe, uwe unampima kila wiki saa ileile. Namba ndo itakuambia anapona au anaenda, macho yako yatakudanganya. Akishapoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake wa kawaida hilo sio suala la kutibu nyumbani tena.

Joto

Kobe hajitengenezei joto. Mwili wake unafata joto la alipo, na kila kitu ndani yake kinategemea hilo, kusaga chakula, kupambana na vijidudu, hata dawa kufanya kazi. Kobe aliyepoa tumbo lake limesimama. Ndo maana nasema ukimlisha akiwa baridi kile chakula kinakaa tumboni kinaoza.

Najua utasema Dar hamna baridi. Mchana kweli, ila Juni mpaka Agosti usiku unashuka mpaka nyuzi 19 au 20 hivi, na masika inaponyesha siku tatu mfululizo kobe anashinda kwenye udongo uliolowa, na wengi wenu mnawaweka barazani kwenye tailizi ambayo ukiikanyaga asubuhi pekupeku unaruka. Kobe mzima anavumilia. Mgonjwa anatakiwa kukaa kwenye nyuzi 28 mpaka 30, mchana na usiku, bila kupanda na kushuka, mpaka apate nafuu.

Tafuta boksi gumu la karatasi au beseni kubwa la plastiki, tandika magazeti, ni rahisi kubadilisha na unaona kinyesi vizuri, usitandike mchanga wala pumba za mbao kwa mgonjwa. Ning'iniza balbu upande mmoja tu, upande mwingine uwe na kivuli ili akizidiwa na joto asogee. Balbu za kisasa za LED hazitoi joto la maana kwahiyo usijidanganye na mwanga, nenda maduka ya vifaa vya kuku pale Kariakoo wanauza balbu nyekundu za kulelea vifaranga, hizo ndo zenyewe, ila zina nguvu, iweke juu vya kutosha na ifungwe na waya imara isije ikadondoka ikaunguza boksi na nyumba. Hapohapo nunua na kipimajoto cha banda la vifaranga. Kile cha homa cha famasi hakifai, kinaanza kusoma kwenye joto la mwili wa binadamu, hapa utaona kinagoma tu. Kiweke kipimajoto chini usawa wa mgongo wa kobe, usikining'inize juu karibu na balbu alafu ukasema boksi lina joto.

Umeme ukikatika, na utakatika, chemsha maji jaza kwenye chupa mbili, zifunge na kanga kuukuu, ziweke kwenye boksi pembeni yake, funika juu na kitambaa kizito ukiacha upenyo wa hewa. Chupa isimguse gamba ikiwa uchi, kobe anaungua na hajui kuondoka haraka.

Jua ni jambo jingine. Balbu inampa joto, jua linampa ile miale inayomfanya atengeneze vitamini D na kutumia kalsiamu, na hapa tumebarikiwa jua la bure ambalo wenzetu wa Ulaya wananunua taa za bei mbaya kuliiga. Mtoe asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, nusu saa hivi, chini, pasipo na mbwa, na kivuli kiwe karibu. Kioo cha dirisha kinazuia miale hiyo kwahiyo kumuweka dirishani hakumsaidii. Na jamani, kumuacha kobe juani ndani ya beseni au ndani ya gari ni kumpika, mchana wa Dar haihitaji hata saa moja.

Maji

Kobe mgonjwa karibu wote wana upungufu wa maji. Kumwekea bakuli haitoshi, mgonjwa hataenda kunywa. Muogeshe, au tuseme mloweke, kila siku mara moja, dakika 15 mpaka 20.

Tumia beseni lake mwenyewe ambalo halitumiki kwa vyombo wala nguo. Maji yawe ya uvuguvugu, yajaribu kwa kiwiko vile mama anavyojaribu maji ya mtoto mchanga, usisikie baridi wala moto. Kina kiishie chini ya kidevu chake akiwa ameshusha kichwa. Kobe wa nchi kavu hajui kuogelea, huyu sio kasa, akiwa dhaifu anazama kwenye maji ya kina cha kiganja, kwahiyo usimuache hapo ukaenda kupika, na kama hana nguvu ya kuinua kichwa muegemeze na kitambaa kilichokunjwa. Kwa dakika za kwanza atatulia tu. Alafu utaona anashusha pua kwenye maji na ngozi ya kooni inaanza kupanda na kushuka, hapo anakunywa, muache. Wengi wanajisaidia humohumo, mwaga weka maji mengine. Ukimtoa mkaushe na taulo mpaka kwenye mikunjo ya miguu ndo umrudishe kwenye joto.

Maji ya kisima chenye chumvi usitumie. Mitaa mingi ya huku tunaoga nayo na kufulia, ila kumlowekea kobe mwenye kiu ni kumzidishia, tumia ya bomba au ya kununua hata ndoo moja.

Mkojo wake uangalie. Ule uji mweupe unaotoka pamoja na mkojo ni kawaida, watu wanaogopa bure. Tatizo ni ukitoka mzito wenye chenga za mchanga, au anajikamua na hakitoki kitu, maji yamepungua sana mwilini na pengine kuna jiwe kwenye kibofu. Na kobe dume anaweza akiwa kwenye maji akatoa uume wake, mkubwa, mweusi au wa zambarau, unaweza kupiga kelele ukidhani utumbo umetoka. Ukirudi ndani wenyewe baada ya muda mfupi hamna shida. Ukibaki nje, au ni kitu chekundu kinachovimba na kukauka, hiyo ni dharura, kifunike na shashi iliyolowa maji ya dripu ya famasi (yale ya normal saline), mtenge peke yake na uende kwa daktari siku hiyohiyo.

Chakula

Siku mbili tatu za kwanza usiwaze sana chakula. Kobe anaweza kukaa wiki bila kula kama ana joto na maji. Akishachangamka mtegee majani laini yenye rangi na harufu: ua la haibiskasi ni karibu kila ukuta wa Dar unalo, jekundu hasa, kobe wengi wanaanza nalo. Kishona nguo, ukoka mchanga, matembele, majani ya maboga, mpungate uliotolewa miiba. Mchicha mpe mara mojamoja tu uchanganye na vingine, una kitu kinachokamata kalsiamu isitumike mwilini. Mboga za sokoni zioshe kwa maji mengi kwa sababu ya dawa za wadudu. Embe, ndizi, tikiti kwa huyu mla nyasi ni sukari inayochachua tumbo, akipenda sana isiwe sababu ya kumpa, hata mtoto anapenda pipi. Parachichi hapana kabisa.

Na ugali, wali, mkate, maziwa, mabaki ya biriani la Ijumaa, hivi vyote nimeshaona kobe anapewa na anakula kweli. Kula kwake si ushahidi kwamba kinamfaa. Kobe aliyelelewa kwa mabaki ya mezani ndo yule utakuta gamba limejaa vilima vilima, mdomo umerefuka, miguu haibebi mwili, na hapo hakuna sindano ya kurekebisha, ni kubadilisha chakula na jua na kungoja miezi.

Kalsiamu usiihangaikie madukani. Ukienda Kigamboni au Kunduchi ufukweni maji yakipwa utaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, uloweke kwenye maji matamu siku kadhaa ukibadilisha maji chumvi itoke, kausha juani, mwekee autafune au ukwangue unga unyunyizie kwenye majani. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa laini yanafaa pia, na chokaa ile ya kuchanganyia chakula cha kuku. Narudia ya kuku. Chokaa ya kupaka ukuta itamuunguza mdomo na tumbo.

Usimkamue mdomo umsukumie chakula na bomba la sindano. Kikiingia njia ya hewa umemmaliza. Kama amefikia hatua ya kulishwa kwa mrija, daktari ndo anapitisha mrija mpaka tumboni na anakuonyesha.

Dawa

Unaingia duka la dawa za mifugo, unasema "kaka samahani, nina kobe kafumba macho na hali", muuzaji hata hajauliza ana uzito gani anajibu "pole dada, hiyo minyoo, mchome hii, nusu cc inatosha". Na hiyo anayoshika mkononi mara nyingi ni ivamektini, kwa sababu ndo dawa yake ya kila kitu, minyoo ya mbuzi, ukurutu wa mbwa, kupe wa ng'ombe, na kwa wanyama hao inafanya kazi vizuri sana.

Kwa kobe ivamektini ni sumu. Sio kwamba ni kali au upunguze dozi, ni sumu, inaingia kwenye mfumo wa fahamu inampooza, miguu inalegea, misuli ya kupumua inalegea, anakufa mtu anadhani minyoo ilizidi. Ya sindano, ya kunywesha, ya kumwagia mgongoni, zote. Kama utabeba kitu kimoja kwenye maelezo yote haya beba hichi, na hata kwa daktari usiyemzoea useme mapema kwa heshima tu, "daktari, nasikia ivamektini haifai kwa kobe eti?", daktari mzuri hatachukia. Dawa za minyoo zinazofaa kobe zipo, na kwanza kinyesi kipimwe, maana kobe kuwa na minyoo kidogo ni kawaida na si kila minyoo inatakiwa kuuliwa. Chukua kinyesi kibichi cha asubuhi kwenye kikopo safi, kipeleke kliniki ya mifugo, au uulize maabara ya serikali pale Temeke Veterinari.

Antibaiotiki nazo vilevile. Zile za kuku za kuchanganya na maji, vidonge vya binadamu vilivyobaki kwenye droo, usimpe. Kobe anatibiwa kwa gramu za uzito wake na mwili wake unaenda polepole, kwa mfano seftazidimu ambayo inatumika sana kwa kobe wenye maambukizi ya kifua inachomwa kila baada ya saa 72, sasa wewe ukisema dozi ni kutwa mara mbili kwa vile ya kwako ilikuwa hivyo figo zinakufa. Na sindano kwa kobe kwa kawaida wanapendelea kuchoma mguu wa mbele, kwa sababu damu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka. Ukimuona mtu anatafuta paja la nyuma muulize kwa upole.

Vitamini A ya sindano watu wanaipenda kwa macho yaliyovimba. Ikizidi, ngozi ya kobe inachubuka mapande mapande. Macho yasafishe na maji ya dripu ya vuguvugu na shashi, kuanzia kwenye kona kwenda nje, mara mbili kwa siku, mwongezee majani ya maboga na boga bichi lililokunwa, mengine daktari aseme.

Gamba na vidonda

Gamba ni mfupa hai, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina mishipa ya fahamu na linauma. Kwahiyo ule mtindo wa kutoboa tundu ukingoni na kupitisha kamba asitoroke ni kumtoboa mfupa bila ganzi, na lile tundu ndo mlango wa uozo. Kumpaka rangi, rangi ya kucha, jina la timu, mafuta ya nazi ang'ae, acha. Oili chafu ya gari ndo kabisa, najua inapakwa mbwa wenye ukurutu mitaani na hata huko ni makosa.

Gamba likipasuka, kaanguka kutoka ngazini au kakanyagwa na gari wakati wa kurudi nyuma au kang'atwa na mbwa, osha na maji ya dripu mengi, kisha na ayodini ya famasi uliyoichanganya na maji safi mpaka ipauke ikawa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Funika na shashi, mpeleke. Usimwagie gundi kuziba ufa, unafungia uchafu ndani na unampa kazi daktari ya kubandua. Jino la mbwa hata kama tundu ni dogo linahitaji antibaiotiki. Na muweke ndani, kwenye chandarua au chini ya kawa la kufunikia chakula, kwa sababu nzi wa hapa hawakupi hata siku, wanataga kwenye kidonda na kesho yake unakuta funza wanatembea. Ukiwakuta watoe mmojammoja na kibano, osha, usimwagie petroli.

Gamba linalooza bila kuvunjika, lile lenye madoa meupe laini na harufu, linasababishwa mara nyingi na sakafu iliyolowa. Piga mswaki laini na hiyo ayodini iliyopauka kila siku, acha ikauke, badilisha sakafu. Likiwa limeingia ndani au linatoa maji ya damu hilo ni la daktari.

Usisubiri kesho kama anahema mdomo wazi, kama kuna kitu kimetoka nyuma hakirudi, kama hawezi kuinua kichwa, au ni jike anazunguka na kuchimba kwa miguu ya nyuma siku nenda siku rudi hatagi na sasa ameacha kula. Huyo anaweza kuwa na mayai yamekwama hata kama hajawahi kuonana na dume, na bila picha ya eksirei huwezi kujua.

Daktari wa mifugo anaejua kobe si kila mtaa, wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, kwahiyo piga simu kwanza uulize kama ameshatibu kobe na kama eksirei ipo. Ikishindikana hapa, hospitali ya wanyama ya chuo cha Sokoine iko Morogoro. Safari yoyote mfungie kwenye boksi lenye matundu, taulo chini, chupa ya maji ya moto iliyofungwa pembeni. Bajaji sawa, bodaboda kwenye kiroba hapana. Beba na lile daftari la uzito.

Kobe ni mnyamapori, kumfuga kunahitaji kibali chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, wanaosimamia ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wengi hawana na wanaogopa hata kwenda kwa daktari, ila suluhisho la uoga huo si kumpakia ukamuachia msitu wa Pugu usiku. Kobe aliyekaa na binadamu akaugua mafua anaenda kuwaambukiza waliopo kule ambao hawana wa kuwatibu. Nenda kaulize taratibu.

Akianza kupona utaona kwanza macho, kisha anaanza kukwaruza boksi alfajiri, kisha ndo anakula, na uzito unapanda gramu kwa gramu. Usimrudishe nje siku hiyohiyo. Endelea na joto na kumloweka wiki kadhaa, balbu izime mchana kwanza, usiku mwishoni kabisa, na kama ni Julai subiri msimu ugeuke. Mkiwa na kobe wengine asichanganywe nao, na kobe mgeni yeyote mkimpata kuanzia sasa akae peke yake miezi mitatu, vyombo vyake mbali, umhudumie wa mwisho baada ya wenzake. Mikono osheni kwa sabuni kila mkimshika, kobe anabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima, na watoto wadogo wasimbusu. Beseni na boksi la plastiki sugua na jiki iliyochanganywa na maji, suuza mpaka harufu iishe, anika juani.